Kamba

Bi Riziki wa Shimanzi apiga simu saa mbili na nusu.
"Huo ukurasa wenu," asema, "asubuhi mwepesi kama bisi,
adhuhuri ushakuwa gunia la saruji.
Nafungua fomu ya kontena, nafunga. Nafungua, nafunga,
mpaka feni yavuma kana kwamba kompyuta yataka kuruka."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Yangu si tajiri kama zenu."

Kweli. Zetu hapa Buxton, ghorofa ya tatu,
zina kumbukumbu za kutupa.
Hazijui njaa, ndiyo maana hazikuona.

Nikamwomba anikopeshe yake Jumamosi mchana.
Ikaja kwa bodaboda, imefungwa kwa shuka la maua,
herufi N imefutika kwa kubonyezwa,
na ubavuni karatasi ya gundi: MALI YA RIZIKI. USICHOMOE.

Nikaweka vivinjari vitatu kwenye mizani moja:
chenye duara la rangi nne,
chenye mbweha aliyejikunja motoni,
na kile cha buluu kilichokuja na mashine yenyewe,
tunachokitania sisi, na Shimanzi nzima yakitumia.
Ukurasa mmoja, fomu moja.
Fungua, funga, mara mia mbili kwa kila kimoja.
Naandika kwa kalamu, katika daftari la dukani.

Mwanzo: tisini na nne. Sabini na tisa. Mia na sita.
Cha mbweha chapanda, chashuka kidogo, chapanda,
kama mtu wa ngazini aliyesahau miwani chini.
Cha rangi nne hakisemi neno, chanenepa tu.
Cha buluu, ndugu yake wa tumbo moja
(lakini ndugu hawali sawa),
chavumilia mara mia na kumi, kisha chadondoka:
ukurasa mweupe, na fomu ya watu imekwenda nao.

Kingenenepa kimoja, ningelaumu kivinjari.
Vikinenepa vyote vitatu,
mpishi ni mmoja.

Ndani ya kila kivinjari yumo mzoa taka.
Apita kwa wakati wake, hapigi hodi,
abeba kila kisicho na mwenyewe.
Lakini kitu kilichofungwa kamba,
na ncha ya kamba imo mkononi mwa mtu,
hakigusi, hata kikioza,
hata kama mwenye mkono kasahau ashika nini.

Nikazifuata kamba.
Nikazikuta fomu mia mbili, zote zilishafungwa,
zasimama gizani na nambari zao za kontena,
kila moja yasubiri dirisha litanuke au lipungue
ili nayo ijipange upya.
Hakuna aliyeziambia kwamba zimekwisha.

Mstari wa mia tatu na kumi na mbili.
Kombo, nikasema. Kombo aliyehamia Nairobi
akatuachia kikombe chenye ukoko wa chai.
Maneno ya kumtumia nilishayapanga.
Nikaangalia pembeni, jina la mwandishi:
langu.
Ramadhani ya mwaka juzi, saa tisa na dakika ishirini,
karibu na daku.
Usiku huo siukumbuki hata kidogo.
Mashine yaukumbuka.

Kuachilia ni mstari mmoja tu,
mfupi kuliko salamu.

Nikapima tena, tangu mwanzo, vyote vitatu.
Magharibi imeshaadhiniwa, mlinzi agonga funguo kwenye chuma.
Mara mia mbili: tisini na saba. Themanini na mbili. Mia na tisa.
Cha buluu kimesimama mpaka mwisho.

Jumatatu Bi Riziki atarudishiwa mali yake.
Ile N nimemchorea kwa rangi ya kucha, nyekundu;
nyingine sikuwa nayo.
Na zile tatu zilizozidi,
kila kivinjari tatu, si mbili, si nne,
sijui zashikwa na nani.
Nimeziandika chini ya ukurasa, nikazipigia mstari,
na mkono wangu nikauangalia.